UZI: Mabomba ya nyumbani hapa Mombasa, lipi ufanye mwenyewe na lipi umwite fundi

Fundi wa Kisauni

Salaam aleikum ndugu zangu, na habari zenu nyote.

Kazi yangu ni mabomba. Simu nyingi ninazopigiwa ni za watu wa aina mbili. Wa kwanza ananitoa Kisauni nivuke feri hadi Likoni kubadilisha kipande cha mpira cha mfereji ambacho angekibadilisha mwenyewe kabla chai haijapoa. Wa pili amekaa na doa la maji ukutani tangu kusi ilipoanza, kila likitokea analipaka rangi, na ananiita siku dari ya jirani wa chini imeshuka. Wote wawili wanatoa pesa ambazo hazikuwa na haja ya kutoka, na huyu wa pili anatoa nyingi mno. Ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Mimi hupima kwa maswali mawili. Je, naweza kuyafunga maji yanayofika pale panapovuja? Je, naiona kwa macho sehemu yote inayovuja? Ukijibu ndiyo mara mbili, chukua spana. Jibu moja likiwa la, mwite fundi. Umeme ukiwa karibu na hayo maji, usijiulize lolote: zima swichi kuu, uite.

Sasa tuelewane kwanza kwa nini mabomba yetu yanaharibika upesi. Maji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima kule Tsavo Magharibi, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere kwenye vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Hayatoshi, kwa hivyo yanakuja kwa zamu. Bomba lililokaa tupu kisha likajazwa kwa ghafla huumia kuliko lenye maji kila siku. Hewa iliyomo husukumwa mbele, maji hugonga kwenye kona na kwenye valvu, na kiungo kilichokuwa kimeanza kuchoka hufunguka. Nyumba nyingi huanza kuvuja usiku uleule maji yanaporudi, watu wamelala.

Jambo la pili ni visima. Kisima cha kisiwani au cha karibu na ufuo kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yana chumvi na chokaa kwa pamoja. Chumvi inakula chuma, chokaa inaziba vitundu. Nimekata mabomba ya chuma ya inchi moja nikakuta njia iliyobaki ndani ni nyembamba kama penseli, na mwenye nyumba alikuwa anataka kununua pampu kubwa zaidi kwa sababu "maji hayana nguvu".

Basi leo jioni, kabla ya lolote, tafuta valvu mbili: ile ya baada ya mita na ile ya kutoka kwenye tangi. Zungusha kila moja hadi ifunge, kisha uirudishe. Valvu isiyoguswa kwa muda mrefu hushikana. Ukiikuta imeshika, usiilazimishe kwa spana ndefu, itakatika shingo na utabaki na maji yasiyofungika. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kumwitia fundi, na mwite wakati huna haraka naye, hata bei mtaelewana vizuri.

Mfereji unaodondoka ni kazi yako. Funga valvu, fungua mfereji maji yaliyobaki yaishe, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie. Ondoa kishikio, fungua shingo kwa spana, na utaona kijiti cha shaba chenye kipande cha mpira chini yake. Mpira ukiwa na duara lililozama, umekwisha. Lakini kabla hujaweka mpya, ingiza kidole ndani ya mfereji upapase ule ukingo ambao mpira hukalia. Ukiwa laini, weka mpira mpya, rudisha, umemaliza. Ukihisi mikwaruzo au pengo, chumvi imeshakula ukingo, na kila mpira utakaoweka utakatwa upesi. Hapo nunua mfereji mpya. Ile mifereji ya kuzungusha robo tu haina mpira wa namna hii, ina katriji, kile kipande kizima cha ndani kinachofungua na kufunga maji. Ing'oe uende nayo mkononi hadi dukani, kwa sababu zinafanana na haziingiliani.

Na usidharau matone. Kinga chupa ya nusu lita chini ya mfereji uangalie saa. Ikijaa kwa saa moja, unapoteza lita 12 kwa siku, yaani lita 360 kwa mwezi. Hiyo ni mitungi 18 ya lita 20. Wewe unayenunua maji ya mkokoteni piga hesabu mwenyewe.

Mengine ya kufanya mwenyewe: shawa iliyoziba, ifungue kichwa chake ukilaze kwenye siki usiku kucha. Utaona povu, ndiyo chokaa inayeyuka. Choo kinachopitisha maji kimyakimya, tia rangi ya biriani kwenye tangi lake, usiflashi, rudi baada ya nusu saa. Rangi ikiwa imeshuka kwenye bakuli, ule mpira wa chini ya tangi haufungi sawasawa. Na shatafu, tafadhali: ukimaliza kuitumia funga ile valvu ndogo ya ukutani, usitegemee kitufe cha mkononi pekee. Mpira wa shatafu ukiachwa na presha usiku na mchana hupasuka, na mara nyingi hupasuka nyumba haina mtu.

Sasa ya kumwita fundi bila kusubiri. Ukuta au dari yenye unyevu usiojua unakotoka. Choo na bafu vikianza kurudisha maji kwa pamoja. Valvu iliyokatika. Kuhamishia tangi juu ya paa, maana tangi la lita 1000 likijaa ni tani moja ya maji, na si kila paa limejengwa kubeba tani. Pampu ya kisima. Na bomba la kabla ya mita si lako wala si la fundi wako, ni la kampuni ya maji: piga simu kwao. Kuchezea mita ni kosa kisheria.

Ulizeni, nitajibu.

---

Mama wa Tudor

Asante fundi. Sinki langu la jikoni linaziba kila baada ya muda mfupi. Baba watoto anamwaga kostiki, linafunguka, kisha linaziba tena. Tuendelee hivyo?

---

Fundi wa Kisauni

Dada yangu, kwanza niulize: machicha ya nazi unayamwaga wapi? Kwa jikoni za huku kwetu machicha na mafuta ya kukaangia samaki ndiyo huziba zaidi. Mafuta yakipoa huganda kwenye kuta za bomba, machicha na punje za wali zinanasa juu yake, na safu inaongezeka. Kostiki inatoboa njia katikati tu, safu inabaki, ndiyo maana linaziba tena.

Chini ya sinki kuna mkunjo wa plastiki au kikombe. Weka ndoo chini, fungua kwa mkono, kimwage, kisugue kwa brashi, hakikisha pete ya mpira imekaa sawa, rudisha. Baada ya hapo machicha yaende kwenye taka au kwa kuku, na kikaango kipanguswe kwa karatasi kabla hakijaoshwa. Ukisafisha mkunjo na maji bado yanasimama, kizuizi kiko mbele zaidi, pengine kwenye manholi. Hapo ita.

Na hili naliomba kwa nguvu zangu zote: kostiki isimwagiwe maji ya moto, huchemka na kurukia usoni. Na jiki isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, na chumba cha choo ni kidogo, mtu hana pa kukimbilia. Ukimwita fundi baada ya kumwaga dawa yoyote, mwambie kabla hajafungua bomba. Macho yake ndiyo yatakuwa chini ya hilo bomba.

---

Mpangaji Bamburi

Yakhe mimi nina shawa ya umeme. Nikigusa mfereji wa bafuni huku naoga nahisi kitu kinanitekenya vidole. Jamaa yangu aliniambia nivae ndara nikioga. Ni sawa?

---

Fundi wa Kisauni

Si sawa hata kidogo, na usioge humo leo. Huo ni umeme unaovuja kwenye maji. Zima shawa kwenye swichi kuu, si kwenye ile kamba au kitufe, na uite fundi wa umeme, si mimi. Atatazama kama waya wa ethi upo na umefika ardhini kweli, kama nyaya zina unene unaotosha, na kama koili ya kupashia maji imepasuka.

Kwa maji ya kisima hatari inazidi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya kawaida yasiyo na chumvi, na chumvi hiyohiyo inaitafuna koili. Ziko shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, koili yake imefunikwa. Muulize mwuzaji kwa uwazi, asikuuzie ile ya maji ya bomba. Lakini hata hiyo bila ethi usiifunge. Mwambie mwenye nyumba leo, na mwandikie ujumbe ubaki kama ushahidi.

---

Mpangaji Bamburi

Nimezima. Nitaoga kwa ndoo hadi fundi aje.

---

Mzee wa Kuze

Vijana, nyumba yangu iko Mji wa Kale na mabomba ni ya chuma ya zamani. Kila mwaka nazibiwa mahali, mwaka unaofuata panatoboka pengine. Fundi mmoja aniambia tuzibe, mwingine aniambia tung'oe yote. Nimsikilize nani?

---

Fundi wa Kisauni

Shikamoo mzee wangu. Bomba la chuma likishaanza kutoboka sehemu moja baada ya nyingine, kutu iko urefu wote. Kuziba ni kununua miezi. Ukiwa na uwezo, badilisha kwa lile la plastiki ngumu linalounganishwa kwa moto, la PPR, halina kutu na chumvi haliiogopi. Lakini kuna mambo mawili. Lisipite juani bila kufunikwa, kwa maana jua la huku hulifanya liwe kavu na kupasuka, vilevile PVC. Na kwa nyumba yako ya kuta nene za mawe na chokaa, usikubali zichimbwe kila mahali. Mabomba yapite nje ya ukuta, kwenye pembe, yafungwe kwa vishikizo. Kuvuja kukitokea kutaonekana, na ukuta utabaki salama.

Kama uwezo ni wa hatua kwa hatua, anza na kipande cha kutoka tangi hadi jikoni na bafuni. Huku kwingine kutasubiri.

---

Mzee wa Kuze

Marahaba mwanangu. Na mimi niongeze moja kwa wenzangu: kazi ikiisha, fundi asifunike ukuta siku hiyohiyo. Maji yafunguliwe, mifereji yote ifungwe, pawachwe usiku mzima. Asubuhi kila kiungo kipapaswe kwa karatasi kavu. Karatasi ikitoka kavu ndipo plasta ipakwe.

---

Fundi wa Kisauni

Sahihi kabisa mzee. Na pigeni picha za mabomba kabla hayajafunikwa, kwa simu, mkiweka futikamba pembeni ya ukuta. Fundi atakayekuja miaka mingi baadaye atajua pa kugusa.

---

Bi Kongowea

Nami nauliza kuhusu shimo la choo. Majirani waliita vijana waingie ndani kulisafisha kwa ndoo kwa sababu lori ni ghali. Wanasema washazoea.

---

Fundi wa Kisauni

Bi, waambie wasiingie, na ukiweza simama mlangoni uwazuie. Ndani ya shimo la maji taka kuna gesi, na ile mbaya zaidi inanuka yai bovu mwanzo kisha pua inazimika, mtu haisikii tena. Anaanguka. Wa pili anaingia kumwokoa, anaanguka juu yake. Kuzoea hakusaidii kitu hapo. Shimo linanyonywa na lori, mtu akiwa juu, kifuniko kikiwa wazi na hakuna sigara karibu, basi.

Sehemu kubwa ya mji wetu haina bomba la maji taka, ni mashimo, na ardhi ni matumbawe yenye nyufa. Uchafu unasafiri. Wataalamu wa afya hupendekeza shimo na kisima viwe mbali angalau mita 30, na kwenye mawe haya mimi singejiamini hata kwa mita hizo. Maji ya kisima cha uani yasinywewe bila kutibiwa. Na hata ya bomba, yanaporudi baada ya kukatika, mwaga ya mwanzo kabla hujayaruhusu kuingia tangini. Bomba likiwa tupu hunyonya chochote kilicho nje ya tundu lake, na nje ya tundu lake mara nyingi kuna mtaro.

---

Mja wa Likoni

Fundi mzuri anajulikanaje? Wengi wanaharibu halafu hawashiki simu.

---

Fundi wa Kisauni

Muulize kama amefanya mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, na amefika gredi gani. Gredi ya 3 ndiyo ya kuanzia, ya 1 ndiyo ya juu. Wapo wasio na karatasi wanaojua kazi vizuri, nawafahamu na nawaheshimu, lakini karatasi inakusaidia kama humjui mtu.

Zaidi ya hapo mwangalie akifika. Fundi anayeuliza valvu iko wapi kabla hajafungua begi ni fundi. Anayepiga nyundo kwenye vigae kabla hajauliza chochote, msimamishe. Akuandikie vifaa, ukanunue mwenyewe au muende pamoja, na risiti ibaki kwako. Pesa ya kazi itenganishwe na ya vifaa, na usimalize kulipa hadi usiku wa kupima alioutaja mzee hapo juu upite.

---

Mikindani 80100

Bili yangu ya maji imepanda na hakuna kinachovuja ninachokiona. Nani alipe, mimi au mwenye nyumba? Na nitajuaje ni mita au ni bomba?

---

Fundi wa Kisauni

La malipo soma mkataba wako. Desturi nyingi ni kwamba mpira wa mfereji na shatafu ni vya mpangaji, bomba la ndani ya ukuta na tangi ni vya mwenye nyumba. Mwarifu kwa maandishi mapema, usingoje bili tatu.

La pili, pima namna hii. Siku ambayo maji ya kampuni yanaingia vizuri, acha tangi lijae hadi boya lifunge. Funga mifereji yote, soma mita, ngoja saa moja bila kutumia maji, soma tena. Ikiwa imesogea, kuna kuvuja kati ya mita na tangi, au boya halifungi. Usipime saa ile maji yanaporudi, hewa inayotangulia nayo huzungusha mita.

Usiku, fungia tangi maji yasiingie. Chovya ufito safi, mkavu, kutoka juu hadi chini ya tangi, tia alama maji yalipofika. Usiku mzima pasitumike maji. Asubuhi chovya tena. Kwa tangi la kawaida la lita 1000, sentimita 1 ni kama lita 9. Kama tangi liko juu ya paa na hakuna ngazi ya maana, usipande.

---

Mikindani 80100

Fundi nimerudi. Mita haikusogea. Lakini tangi limeshuka sentimita 4 usiku, na mifereji yote nimeikagua, mikavu. Tangi liko chini uani juu ya kibaraza, nimelizunguka halina unyevu.

---

Fundi wa Kisauni

Hizo ni karibu lita 36 kwa usiku mmoja, na ziko kati ya tangi na nyumba au ndani ya nyumba. Leo usiku rudia, lakini funga na valvu ya kutoka kwenye tangi. Likishuka bado, tazama chini ya tangi, kwenye kile kiungo cha kutokea. Lisiposhuka, kesho fungua hiyo valvu na ufunge zile valvu ndogo za vyoo. Tangi likitulia, ni choo, tia rangi ya biriani ujue ni kipi, na ule mpira wa chini ya tangi lake utaubadilisha mwenyewe. Likiendelea kushuka vyoo vikiwa vimefungwa, basi maji yako ndani ya sakafu au ukuta, huyaoni, na hapo mwite fundi. Mpe majibu haya yote akiwa bado mlangoni, ajue pa kuchimba kabla hajagusa kigae hata kimoja.